Namna ya Kumfundisha Lugha Mtoto Kiziwi Asiyeona

Mtoto asiyesikia hujifunza lugha kwa kutazama, na mtoto asiyeona hujifunza kwa kusikiliza. Yule ambaye hasikii na haoni hana pa kuipatia lugha ila katika kugusa na kuguswa, na kwa sababu hiyo lugha haimjii yenyewe wakati watu wa nyumbani wakiendelea na shughuli zao. Ni lazima mtu aketi naye na kuipitisha mikononi mwake. Maelezo haya yamekusudiwa kwa wazazi, bibi, babu na walimu wa mkoa wa Tabora wenye mtoto wa namna hiyo, ambao pengine wameambiwa kwamba hakuna la kufanya mpaka apatikane mtaalamu. La kufanya lipo, na sehemu kubwa yake hufanyika jikoni, bombani na uani, kwa vitu ambavyo kila kaya inavyo.

Nina jambo moja la kusisitiza kabla ya mengine yote. Usianze na majina ya vitu. Mtu mzima akipewa mtoto huyu, jambo la kwanza analolifikiria ni kumfundisha kwamba hiki ni kikombe na hiki ni kijiko, kisha hushangaa mtoto anapokitupa kikombe na kujikunyata. Mtoto huyo hajajua bado kwamba watu huambiana mambo. Akilijua hilo majina yatamwingia, na asipolijua utakuwa unamchezea vidole tu.

Fahamu kwanza kilichobaki

Watu wengi wakisikia habari ya kiziwi asiyeona hufikiria giza totoro na kimya kitupu. Kwa kweli wengi wa watoto hawa wana mabaki ya kuona au ya kusikia: mmoja hutambua mwanga wa dirisha, mwingine huona kitenge cha rangi kali kikiletwa karibu na uso, mwingine husikia ngoma au honi ya treni ingawa hapati neno hata moja. Mabaki hayo ni mtaji, na mafundisho hupangwa kwa kuyafuata. Mtoto anayeona kidogo aketishwe kivulini akiwa ameupa mgongo mwanga wa jua, nawe uvae nguo ya rangi moja isiyofanana na rangi ya mikono yako, ili mikono ionekane.

Katika kuchunguza usikivu, jihadhari na kosa moja linalofanywa mara nyingi. Mlango ukibamizwa na mtoto akashtuka, usiharakishe kusema kwamba amesikia. Sakafu nayo imetikisika, na mtoto aliyeketi chini huupata mshindo kwa miguu na makalio. Mjaribu akiwa amebebwa au ameketi juu ya godoro nene, sauti itoke nyuma yake kwa umbali usiomletea upepo wala kivuli, na jaribio lirudiwe siku nyingine akiwa ameshiba na hana homa. Yaandike unayoyaona, maana daktari atayauliza.

Chanzo cha hali yake nacho kina maana kwa mwalimu. Mama akiugua rubela katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na mtoto wa jicho, uziwi na hitilafu ya moyo kwa pamoja. Chanjo ya rubela iliyounganishwa na ya surua ilianza kutolewa kwa watoto wa Tanzania mwaka 2014. Wengine walizaliwa njiti, na wengine walipoteza kusikia au kuona baada ya homa ya uti wa mgongo. Iko pia hali ya kurithi iitwayo Usher, ambayo humfanya mtu azaliwe kiziwi au mwenye usikivu hafifu, kisha macho yake yafifie taratibu miaka inavyokwenda, dalili ya mwanzo ikiwa ni kushindwa kuona usiku. Kijana wa shule ya viziwi anayeanza kujikwaa magiza yakiingia asidhaniwe kuwa mzembe. Apelekwe akapimwe, na aanze kuzoezwa kusoma alama kwa mikono wakati angali anaziona kwa macho, kwa kuwa huyo tayari ana lugha na kinachohitajika ni kuihamishia mikononi.

Mtoto mdogo afikishwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, au pengine popote penye daktari wa macho na wa masikio, mapema iwezekanavyo. Mtoto wa jicho akiachwa muda mrefu, ubongo usiopata picha katika miaka ya mwanzo hushindwa kujifunza kuona hata mtoto wa jicho akiondolewa baadaye. Hata hivyo mafundisho ya nyumbani yasingoje majibu ya hospitali, kwani hakuna jibu la daktari litakalofanya mazungumzo yasihitajike.

Mtu atambulike kabla ya kitu

Kwa mtoto huyu watu hutokea ghafla na kutoweka ghafla. Ameketi mkekani ametulia, mara ananyanyuliwa, maji yanammwagikia, nguo inapita kichwani, na hakuna aliyemwambia lolote. Mtu mzima akifanyiwa hivyo siku nzima angepiga kelele, na mtoto hupiga. Kwa hiyo mkubaliane nyumbani, pamoja na majirani wanaopenda kumbeba, kwamba kila anayemfikia ataweka kiganja begani pake kwa utulivu, akiache hapo kwa muda, kisha atampa mtoto nafasi ya kumgusa na kumtambua.

Kila mtu awe na utambulisho wake usiobadilika. Bangili ya mama, ndevu za babu, nywele za dada zilizosukwa, saa ya baba: mkono wa mtoto uongozwe hapo kila mara mnapokutana, na baada ya muda utambulisho huo utageuka jina. Mama akiivua bangili ili afue, airudishe kabla ya kumwendea mtoto. Anayeondoka naye aage, kwa mguso uleule wa kuaga kila siku, kwa maana mtoto asiyeagwa hukaa akimtafuta mtu hewani, na akichoka kutafuta huacha kujali nani yupo na nani hayupo. Katika nyumba zetu zenye watu wengi jambo hili huonekana kuwa usumbufu, lakini nyumba ya watu wengi ndiyo inayomfaa, mradi wote washike mpango mmoja.

Mkono wako uwe chini, wake uwe juu

Hii ndiyo mbinu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Ukitaka kumwonyesha jambo, usiikamate mikono yake kwa juu na kuisukuma kwenye kitu. Mikono ya mtoto huyu ndiyo macho yake, na baadaye itakuwa kinywa chake. Kuishika kwa nguvu ni sawa na kumwelekeza mtu atazame kwa kumkamata kichwa, na mtoto aliyeshikwa hivyo mara nyingi huikunja ngumi na kuificha kwapani. Weka mikono yako chini, viganja vyake vikae juu ya migongo ya mikono yako akiwa huru kuviondoa, kisha ufanye kazi yako taratibu ili afuate mwendo. Kaa nyuma yake au ubavuni pake, mikono yenu ielekee upande mmoja. Ukikaa uso kwa uso utamfundisha kila kitu kikiwa kimepinduliwa.

Katika kijiji kimoja cha Sikonge nilimkuta bibi akipukuchua mahindi, mjukuu wake akiwa pembeni. “Mwalimu, huyu mahindi hayajui, anatupa tu,” alisema. Nikamwomba, “Bibi, usimpe gunzi. Mwache akuwekee mikono, wewe endelea na kazi.” Mtoto alikaa magotini pa bibi, vidole vyake vikiwa juu ya vidole vya bibi, na bibi akawa anasukuma safu moja ya punje kwa dole gumba, polepole kuliko alivyozoea. Punje zilipokuwa zinaangukia ungo, ungo ulikuwa umeegemezwa kwenye paja la mtoto, akawa anaupata mdundo wake. Alijitoa, akarudi, akajitoa tena. Kisha dole gumba lake likateleza kutoka juu ya la bibi likagusa safu ya punje, likabaki hapo bila kusukuma. Bibi naye, bila kuambiwa, akaacha kupukuchua na kungoja. Siku hiyo hakuna neno lililofundishwa, lakini watu wawili walikuwa wamelielekea jambo moja na kila mmoja alijua kwamba mwenzake analigusa. Lugha yote ya baadaye husimama juu ya msingi huo.

Mambo ya kufanywa hivyo ni mengi mno katika siku ya kawaida: kumenya karanga, kupeta mchele, kukoroga uji, kuchota maji kwa kata, kukunja kanga, kufunga mbuzi kamba. Yaliyo ya moto au yenye makali yafanywe kwa uangalifu, ila yasifutwe yote. Mtoto anayeletewa chakula kikiwa tayari sahanini, bila kuwahi kugusa unga, maji na mwiko, hawezi kujua kwamba ugali hupikwa.

Zamu yako, zamu yake

Mtoto anayejitikisa mbele na nyuma, anayegonga meza au anayepuliza mate midomoni huonekana kana kwamba hana analolisema. Jan van Dijk, mwalimu wa Kiholanzi aliyewafundisha watoto viziwi wasioona huko Sint-Michielsgestel, aliionyesha dunia katika miaka ya 1960 kwamba mwendo huohuo ndio mlango wa kuingilia. Wengi wa watoto wa wakati ule walizaliwa hivyo kwa sababu ya rubela. Njia yake, kwa ufupi, ni kumfuata mtoto katika mwendo wake, mwili kwa mwili, kisha kusimama ghafla na kuona atafanya nini.

Basi akijitikisa, kaa nyuma yake mgusane, ujitikise naye kwa mwendo uleule. Baada ya muda acha. Tulia kabisa. Kitakachofuata ni kidogo sana kiasi cha kupotea usipokuwa makini: bega linakusukuma kidogo, mkono unagusa goti lako, pumzi inabadilika. Hilo ndilo ombi lake, na jibu lake ni kuendelea mara moja. Ukilijibu kila linapotokea, atagundua kwamba kitendo chake kimemfanya mtu mwingine afanye jambo, na ugunduzi huo ni mzito kuliko jina la kitu chochote. Mchezo huohuo unaweza kufanywa kwa kinu, mkawa mnatwanga pamoja kisha mnasimama, au kwa ngoma iliyowekwa kifuani pake.

Kungoja ndiko kunakowashinda watu wazima. Sisi tunaoona tumezoea jibu lije papo hapo, na likikawia tunamfanyia mtoto lile tulilodhani anataka. Mtoto huyu huchukua muda kujua kwamba ni zamu yake, na muda mwingine kupanga mwili wake ujibu. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi bila haraka, na kwa wengine uongeze. Anayemhudumia haraka kila wakati, hata kwa upendo, humnyima sababu ya kusema.

Siku yenye mpangilio, na vitu vya kuitangaza

Lugha huhitaji jambo linalotabirika, kwa sababu alama hupata maana pale mtoto anapoitumia kukisia kitakachofuata. Kwa hiyo shughuli za siku zifuatane kwa utaratibu uleule, na kila moja itanguliwe na kitu kimoja cha kushikwa kinachoitangaza. Kabla ya kuoga hupewa kata ileile; kabla ya uji, kijiko kilekile; kabla ya kulala, kipande cha shuka lake. Anakishika, anakwenda nacho mpaka mahali pa shughuli, na kitu hicho kinatumika kweli katika shughuli hiyo. Usikitumie kwa jambo lingine.

Uchaguzi wa kitu ndipo walimu wanapopotoka, kwa kuwa wanachagua kwa macho. Ng'ombe mdogo wa plastiki hafanani na ng'ombe kwa mtu ambaye hajawahi kumwona; kwake ni plastiki yenye ncha nne. Kamba anayofungiwa mnyama, yenye harufu yake, inasema zaidi. Vivyo hivyo gari dogo la kuchezea halimwambii kwamba mnasafiri. Jiulize mwili wake hukutana na nini akipanda pikipiki: raba yenye mikunjo anayoishika, au kofia ngumu inayombana. Kipande cha raba ya namna hiyo kitamfaa kuliko pikipiki nzuri ya dukani.

Vitu vikizoeleka, tengeneza kalenda. Chukua boksi imara, uligawe kwa vipande vya boksi jingine upate vyumba vitatu au vinne vilivyopangwa mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, ambao baadaye utakuwa mwelekeo wa kusoma nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Kila chumba kiwe na kitu cha shughuli moja kwa mfuatano wake. Mwishoni weka beseni lenye mfuniko. Shughuli ikiisha, mtoto mwenyewe anakipeleka kitu hicho beseni, nanyi mnafanya pamoja alama ya “imekwisha”, kisha anapapasa chumba kinachofuata. Anza na vyumba viwili tu ikiwa vinne vinamchanganya. Mtoto akifika kwenye chumba akakuta kitu asichokipenda na kukisukuma, usikasirike, kwa maana amekwambia habari ya jambo ambalo bado halijatokea, na hapo ameanza kuzungumzia kesho.

Siku moja moja badilisha jambo kwa makusudi, akishauzoea mpangilio: weka kijiko, kisha msiende kwenye uji. Akikurudia na kijiko mkononi, amekuuliza swali.

Kutoka kwenye kitu hadi alama

Alama ifanywe sambamba na kitu tangu mwanzo, ila usimdai aifanye. Mnapokwenda kula, anashika kijiko, kisha mikono yake ikiwa juu ya yako unafanya alama ya kula, mara hiyohiyo chakula kinafuata. Polepole kitu kinapunguzwa: kijiko kizima kinakuwa mpini tu, mpini unabandikwa kwenye ubao mdogo, na siku moja alama peke yake inatosha. Kuna watakaopita hatua hizo kwa miezi na watakaozipita kwa miaka. Usiondoe kitu kabla alama haijashika.

Alama za kwanza zichaguliwe kwa kile anachokitamani. Marie Heurtin, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1885 akiwa haoni wala hasikii, alifikishwa kwa masista wa Larnay, karibu na Poitiers, akiwa na miaka kumi na hana lugha yoyote. Alikuwa akikipenda kisu chake kidogo cha kukunja kuliko vitu vyote. Sista Marguerite alikichukua, akaifanya alama ya kisu mikononi mwa mtoto aliyekuwa amekasirika, akamrudishia. Akakichukua tena, na akaendelea hivyo mpaka Marie mwenyewe alipoifanya alama. Kwa mtoto wa kwetu pengine ni embe, asali kwenye kidole, bembea ya kamba au redio inayotetemeka. Pamoja na hicho kipendwacho yaje “zaidi”, “imekwisha” na “sitaki”. Rangi na namba, ambazo baadhi ya walimu huanza nazo kwa sababu zimo katika mazoea ya darasa la awali, zingoje. Rangi hasa haina haraka yoyote.

Tumia Lugha ya Alama ya Tanzania kadiri uwezavyo, ili mtoto aweze baadaye kuzungumza na viziwi wengine, na ukiwa na kiziwi mtu mzima mtaani kwako mwombe awe mwalimu wenu, kwa kuwa atamfundisha mtoto na wewe pia. Lakini alama hizo zilitengenezwa kwa macho, nazo hurekebishwa zinapoingia mikononi. Alama inayofanywa mbali na mwili iletwe karibu na kifua, ambapo mikono minne inaweza kukaa bila kuchoka. Mambo ambayo viziwi huyasema kwa uso, kama kuuliza, kukataa au kushangaa, hayamfikii; yapewe mguso wake, kwa mfano kuuliza kuwe ni kuinua mikono yenu kidogo na kuiacha hewani. Mtoto akibuni alama yake mwenyewe, ipokeeni. Kama anajipapasa shavu kuomba maziwa, mjibu, kisha umwonyeshe alama ya kawaida bila kuifuta ya kwake.

Yote yaandikwe kwenye daftari moja la nyumbani: alama inafanywaje, ina maana gani, nani anaielewa. Shangazi anayemshika mtoto wikiendi bila kujua kwamba kugonga kiganja mara mbili ni kuomba maji, humfundisha mtoto kwamba kusema hakuna faida.

Katika alama za mapema zimo pia za mwili wake, na ile ya “usiniguse”. Mtoto huyu huoshwa na kuvalishwa na watu wengi, na asiyeweza kukataa mguso wala kueleza aliyemgusa yuko hatarini. “Sitaki” yake iheshimiwe hata katika mambo madogo, ili iwe na nguvu katika makubwa.

Herufi, vidole na nukta nundu

Habari ya Helen Keller husimuliwa kana kwamba mwujiza ulishuka siku moja kwenye bomba la maji. Alizaliwa Alabama mwaka 1880 na ugonjwa ukamwondolea kuona na kusikia akiwa na miezi 19, maana yake alikuwa amekwisha kuanza kusikia lugha na kutamka maneno machache, na baadaye alikuwa na ishara zake nyingi za nyumbani. Mwalimu wake, Anne Sullivan, alifika Machi 1887 akawa anamwandikia maneno kiganjani kwa herufi za vidole, yaani kila herufi kwa umbo lake la vidole, kila siku, hadi tarehe 5 Aprili maji yalipomwagika mkono mmoja na neno likaandikwa katika mwingine. Kinachowafaa walimu zaidi ni uamuzi aliouchukua Sullivan siku chache baadaye: aliacha masomo ya kupanga, akaamua kuzungumza kiganjani mwa mtoto kama watu wanavyozungumza masikioni mwa mtoto mchanga, kwa sentensi kamili, bila kungoja kwanza aonyeshe kwamba ameelewa. Mtoto mchanga wa kawaida husemeshwa kwa mwaka mzima kabla ya neno lake la kwanza. Huyu naye anastahili kusemeshwa.

Herufi za vidole na nukta nundu huja baada ya alama kuwa nyingi, kwa mtoto anayeonyesha kuwa tayari. Kiswahili hapa hutusaidia, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa na hakina herufi za kukariri bure. Ugumu uko kwenye kitenzi. Alama ya kula ni moja, lakini kwenye karatasi atakutana na “anakula”, “amekula” na “atakula”, na vidole vitayaona kuwa ni maneno matatu yasiyohusiana. Tumia kalenda: kitu kilicho beseni kipewe kadi ya “amekula”, kilicho chumba cha mbele kadi ya “atakula”, naye apapase mahali palipobadilika na mahali palipobaki vilevile. Kadi za kwanza ziwe na nukta zilizopigwa vizuri kwenye karatasi ngumu, na zibandikwe kwenye vitu vya kweli, kama alivyofanyiwa Laura Bridgman, msichana kiziwi asiyeona, katika shule ya wasioona ya Perkins huko Boston tangu mwaka 1837, ambaye mwalimu wake alianza kwa kubandika maneno ya herufi za mwinuko kwenye kijiko, kisu na ufunguo.

Akiuma, akijipiga

Kabla ya kuzuia tendo, tafuta linasema nini. Mtoto anayejiuma mkono kila mara anapohamishwa kutoka juani hadi ndani ya nyumba huenda anasema kwamba hakuambiwa. Mpe kitu cha kutangaza safari hiyo na uone. Anayejikandamiza macho kwa vidole hutafuta mwanga ambao ubongo huutoa macho yakibanwa, na kumpigapiga mkono hakumsaidii, ila mikono ikipata kazi tendo hupungua. Kujipiga sikio kunaweza kuwa ni maumivu ya sikio tu, kwa hiyo apimwe kwanza. Kumfunga kamba au kumfungia ndani, ambako bado kunatokea, huondoa hata lile dogo alilokuwa analigusa, na hakuna mafundisho yanayowezekana juu yake.

Akienda shule

Tabora ni mkoa wenye historia katika elimu hii: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa hapa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na Shule ya Furaha hufundisha watoto wasioona. Lakini shule ya viziwi hufundisha kwa ubao na macho, na ya wasioona hufundisha kwa sauti, hivyo mtoto wetu anaweza kukaa darasani katika shule yoyote kati ya hizo bila kufikiwa na neno. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu, na mzazi ana haki ya kumuuliza afisa elimu maalumu wa halmashauri yake swali moja mahususi: nani atakayekaa naye bega kwa bega, mkono kwa mkono, kutwa nzima? Asiyepewa mtu huyo amepewa kiti tu. Dar es Salaam kuna kitengo cha viziwi wasioona katika Shule ya Uhuru Mchanganyiko, na walimu wa huku wanaweza kujifunza mengi kwa kwenda kuona kinavyofanya kazi.

Akiwa anakwenda bweni, daftari la alama linakiliwe lote na aende nalo pamoja na boksi la kalenda na vitu vyake vilevile, si vipya. Mtu wa nyumbani akae naye shuleni kwa siku za mwanzo, akiwafundisha walimu na wenzake utambulisho wa mguso, alama zake na namna anavyokataa. Mwalimu na mlezi wa bweni wachague utambulisho wao kabla hajafika. Kitu cha “nyumbani”, kwa mfano kipande cha kanga ya mama, kiwemo katika kalenda ya bweni, ili aweze kukichukua na kuuliza ni lini atarudi, na kila aliye zamu ajue kumjibu.